Mpangaji wa Mzoefu

Chai ilikuwa imenywewa. Jambo dogo, la kuchekwa, maana chai ya kazini kila siku hunywewa na watu wasio wenyewe. Lakini mlango wa maabara ulikuwa umefungwa, ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mkuu wa maabara, na mkuu mwenyewe alikuwa ametoka mara moja tu kwenda msalani. Aliporudi alikikuta kikombe palepale alipokiacha, kati ya kibao cha chupa za damu na kopo la makohozi, hakina hata tone. Ukingoni kulikuwa na alama ya midomo, mbichi bado, midomo mipana kuliko midomo ya mtu yeyote hospitalini.

"Bi Glavu," alimwita mwenzake aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka wodini na trei ya sampuli, "siku hizi unaninywea chai?"

"Mimi sinywi kitu humu ndani," mwanamke yule alijibu. "Na wewe hutakiwi."

Jina la Bi Glavu mkuu huyo ndiye aliyempa, kwa dhihaka. La kwake mwenyewe walimpa wafanyakazi: Mzoefu. Alidhani ni sifa. Ukimwambia avae glavu, atakujibu yeye mzoefu. Ukimwambia asiweke wali wake wa mchana kwenye friji la sampuli, atakujibu ndilo friji pekee linalopoza vizuri, na zaidi ya hapo yeye mzoefu. Mkono uliotoka kufunika kopo la makohozi ndio huohuo aliojikunia pua, akapokelea simu, akampigapiga mgonjwa begani kumpa moyo. Na koti lake jeupe hakulivua. Alikwenda nalo kwa kinyozi, alikwenda nalo sokoni, alirudi nalo nyumbani akakalia nalo kochi, kwa sababu ukivaa koti jeupe wenye maduka wanakuita daktari, na yeye hakuwa daktari.

Alikuwa na digrii. Si kwamba hakujua. Yuko mjinga asiyejua, huyo unamfundisha akaelewa. Na yuko mjinga anayejua, huyo huna la kumfanya ila kukaa mbali naye asije akakupigia chafya.

Siku za nyuma chupa ya damu ilimponyoka ikapasuka sakafuni. Kila aliyesomea kazi ile anajua kinachofuata: unavaa glavu, unafunika pale kwa kitambaa, unamwagia klorini, unaipa muda, ndipo unafuta, na vipande vya kioo unaviokota kwa koleo. Mzoefu aliisukuma damu kwa kiatu mpaka chini ya mashine ya kuzungushia sampuli, vioo na vyote, akaendelea kusimulia habari za mpira. Bi Glavu siku hiyo alikuwa likizo. Damu ikaganda kule chini gizani, na hakuna aliyeiulizia.

Siku ileile ya chai, baada ya kumsimanga mwenzake, Mzoefu alianza kurudishia sindano kifuniko chake. Hilo nalo halifanywi; sindano ikishatumika inakwenda moja kwa moja kwenye boksi lake. Lakini yeye alikuwa ameibana simu kati ya sikio na bega, anacheka na mtu, na sindano ikakipita kifuniko ikamwingia kwenye kidole cha shahada.

"Maji yanayotiririka," alisema Bi Glavu, ambaye tayari alikuwa amefungua bomba. "Sabuni. Usikikamue. Halafu twende sasa hivi wakakuanzishie dawa za kinga, zina muda wake hizo."

Mzoefu alilitazama tone la damu lililochomoza. Akatia kidole kinywani, akakinyonya.

"Kwisha," alisema.

Bi Glavu akasikia mtu akimeza. Funda moja kubwa, la mtu aliyekuwa na kiu ya siku nyingi. Koo la Mzoefu lilikuwa mbele ya macho yake na halikusogea. Sauti ile ilitoka sakafuni, chini ya mashine.

"Umesikia?" aliuliza taratibu.

"Nimesikia bomba lako linapoteza maji," alisema Mzoefu, akarudi kwenye simu.

Tangu siku hiyo maabara ilikuwa na harufu ya chuma kilicholowa. Mashine ya kuzungushia sampuli ilianza kuzunguka yenyewe mchana kweupe huku waya wake ukining'inia, haujachomekwa popote. Wali wa Mzoefu uliliwa ndani ya friji, sahani ikaachwa imelambwa mpaka inang'aa na mfuniko umerudishwa juu yake kwa adabu kabisa. Mzoefu alipeleka malalamiko kwa katibu wa hospitali, na katibu, mtu ambaye kila tatizo lililoletwa ofisini kwake lilitoka likiwa tangazo, alibandika karatasi mlangoni ya kukataza wizi wa chakula. Kesho yake ile karatasi ilikuwa na alama ya kiganja kilicholowa. Kiganja kikubwa, na vidole vyake vyote vilikuwa na urefu mmoja.

Bi Glavu aliomba ahamishiwe kituo kingine. Aliambiwa asubiri.

Mke wa Mzoefu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kama walimu wengi wa madarasa ya chini alikuwa na pua isiyodanganyika. Mume aliporudi jioni moja na kulitundika koti lake nyuma ya mlango wa sebuleni, kama ilivyo desturi yake, mwalimu aliinua uso kutoka kwenye madaftari ya wanafunzi.

"Baba Kibibi, umechinja?"

"Nichinje nini?"

"Unanuka damu."

"Nanuka kazi," alisema mume. "Wengine mnanuka chaki."

Akamwinua binti yao, Kibibi, aliyekuwa hajaanza hata shule ya chekechea, akambana mashavu kwa vidole vyake viwili vile vya siku zote. Mkewe alikuwa amemwambia mara ngapi anawe kwanza. Jibu tunalijua.

Kibibi ndiye aliyeanza kuzungumza na koti. Alikuwa akikaa mkekani na vikopo vyake, amelielekea, anaongea, ananyamaza kusubiri jibu, kisha anaitikia kwa kichwa. Mama yake alipomuuliza anaongea na nani, alisema anaongea na baba. Mama akamwambia baba yuko kazini. "Si yule," alisema mtoto. "Huyu wa ndani. Anasema ana njaa, na baba hana nafasi."

Siku ya pili mwalimu aliliona jambo jingine. Jua la asubuhi lilikuwa limeingia kwa ubavu kupitia dirishani, na katika mwanga ule aliona alama kwenye swichi ya taa, unyevu mweusi wa kiganja chenye vidole vya urefu mmoja. Akaona nyingine kwenye kitasa cha mlango, nyingine kwenye mfuniko wa kopo la sukari, nyingine kwenye mpini wa kijiko, kwenye simu ya mezani, kwenye mto wa kochi, na alipofuata moja baada ya nyingine alitambua kwamba anafuata njia ya mumewe tangu anapoingia jioni mpaka anapolala, kila alichogusa na kwa mpangilio alivyokigusa, na akafuta kwa kitambaa na sabuni na alama zikaondoka, kisha alipokuwa bado amesimama na kitambaa mkononi zikajitokeza upya, polepole, kama jasho linavyotoka kwenye ngozi. Akaenda chumbani kwa mtoto. Kwenye shavu la Kibibi zilikuwepo mbili.

Mchana huo Kibibi alishikwa na homa. Haikuwa homa ya kawaida. Mwili ulichemka upande mmoja, upande wa shavu lile, na upande wa pili ulikuwa wa baridi kama sakafu. Walimkimbiza hospitali. Daktari akaagiza damu, na damu ikapelekwa maabara.

Bi Glavu hakumwachia Mzoefu sampuli ile. Aliitengeneza mwenyewe, akaiweka chini ya hadubini, akasogeza kioo taratibu akitafuta vijidudu. Hakukuta vijidudu. Alikuta, katikati ya chembe nyekundu za damu, alama ya kidole. Ilikuwa ndogo kuliko chembe moja, lakini mistari yake yote ilikuwepo, duara ndani ya duara, safi kama zile zinazochukuliwa polisi. Akasogeza kioo, ikawepo nyingine. Akasogeza tena, na kila alipopeleka jicho palikuwa pameshashikwa, chembe kwa chembe, kama kwamba kuna mtu aliyepita ndani ya mtoto yule akipapasa ukuta gizani kutafuta mahali pa kukaa.

Alimwita Mzoefu. Mzoefu aliinama akatazama kwa muda mrefu.

"Lenzi chafu," alisema alipoinuka. Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni.

"Ni mwanao huyu."

"Nimekwambia lenzi chafu."

Bi Glavu alivua glavu, akanawa, akatoka nje na kumpigia simu mwalimu.

"Dada yangu," alisema kwa sauti ya chini, "mimi ni mtu wa vipimo, sijawahi kusema neno kama hili. Tafuta mtu wa kumtazama mtoto. Si daktari. Madaktari watampa dawa za homa, na hii si homa."

Mwalimu alikuwa naye mtu huyo katika ukoo. Shangazi yake, mwanamke mnene mwenye sauti nzito, alikuwa akitoa watu majini tangu mwalimu mwenyewe angali msichana. Alifika kesho yake saa sita mchana, jua likiwa utosini, mtoto akiwa ameshapewa dawa za homa na kurudishwa nyumbani. Mzoefu alitoka kumlaki na koti lake mwilini, akanyoosha mkono.

"Huo mkono uweke mbali nami, mkwe," alisema Shangazi.

Alikwenda bombani uani, akanawa kwa sabuni mpaka viwikoni, kati ya vidole, chini ya kucha. Mzoefu, ambaye alikuwa amejiandaa kucheka, aliuliza kama hiyo ndiyo dawa yenyewe ya uganga.

"Hapana," alisema Shangazi. "Nakwenda kumshika mtoto mgonjwa. Umesomea wapi wewe?"

Kibibi alikuwa amelazwa kitandani, macho wazi. Shangazi alikaa ukingoni, akamwekea kiganja kifuani, akasema maneno yake kwa sauti ambayo hakuna aliyeisikia vizuri. Chumba kikajaa harufu ya chuma. Kisha kinywa cha mtoto kikafunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa ya baba yake.

"Mimi mzoefu," ilisema.

Mwalimu alishika ukuta. Mzoefu alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, mpaka mlango ukamzuia mgongoni.

"Umeingilia wapi?" aliuliza Shangazi.

"Mlangoni. Nimekaa nje ya mlango wa nyumba ile ya damu miaka na miaka. Wengine walikuwa wakifunga. Wananawa, wanavaa mikono ya mpira, wanafuta mpaka harufu, mimi nalala na njaa. Akaja huyu bwana. Akanimwagia chakula chini, akaniachia nile wiki nzima. Akanitengea chai. Halafu akafungua kidole chake, akaninyonya mwenyewe mpaka ndani. Hata hodi sikupiga."

"Mbona basi uko kwa mtoto?"

Ile sauti ikacheka, kicheko cha Mzoefu kabisa, kile cha kwenye simu. "Ndani yake hakukaliki. Nimeingia nikakuta kumejaa yeye mwenyewe tupu, mpaka darini. Alipomshika huyu mdogo shavu na mkono wake mchafu, nikaona bora nihame."

"Toka urudi ulikotoka."

"Aliyeonja nyumba harudi nje."

Shangazi aliondoa kiganja. Uso wake ulikuwa umebadilika. Aliwageukia wazazi akaongea haraka, kwa kunong'ona, kama anayeogopa kusikiwa na mtu aliye chumba cha pili.

"Nimewahi kumwona wa namna hii mara moja tu. Kwa leo sina nguvu ya kumpeleka mbali. Naweza kumhamisha tu, tena kwa mtu wa damu ya mtoto. Baadaye nikijiandaa nitamtoa huko atakakokuwa. Mkubwa atamhimili. Mtoto hafiki kesho."

 Nje mtu alikuwa akifua, maji yakisikika yakimwagwa. Hapo Mzoefu alifanya jambo ambalo hakulisema kwa kinywa, lakini mkewe aliliona, na baada ya kuliona hakuweza tena kuishi kama hajaliona. Alimtazama mtoto wake. Akamtazama Shangazi. Kisha akamgeukia mkewe, akayaacha macho hapo.

"Mama Kibibi," alisema kwa upole ambao hakuwa nao miaka mingi, "unajua wewe siku zote una uvumilivu kuliko mimi. Na mtoto ni wa mama. Mimi pale kazini watu wananitegemea, maabara nzima iko juu yangu."

Mwalimu alipiga magoti kitandani, akatoa mkono wake kwa mtoto.

Kinywa cha Kibibi kikajikunja.

"Huyo simwingii," ilisema ile sauti. "Ananawa."

Mwalimu alikaa hivyo kidogo, mkono ungali umenyooshwa. Kisha akainuka bila haraka. Mzoefu alikuwa bado anaongea, anasema kwamba mambo haya yanahitaji utulivu, kwamba ukiangalia kitaalamu huenda kuna njia ya tatu, kwamba hata yeye angekuwa tayari kama si presha yake; na mkewe alimshika kifundo cha mkono kwa nguvu za mtu aliyezoea kuburuta madawati, akamvuta kutoka mlangoni mpaka kitandani huku soli za viatu vyake zikilia sakafuni, akakitenga kidole cha shahada, kile kilichochomwa, ambacho kidonda chake hakikuwa kimefunga bado na pembeni mwake kulikuwa kumegeuka rangi ya chai, akakitia katikati ya midomo ya mtoto, na mtoto akakiuma.

"Subiri kwanza," alisema Mzoefu. "Tuzungumze."

Hilo ndilo neno la mwisho alilolisema kwa hiari yake. Macho yake yalitulia ghafla, kama ya mtu aliyezimiwa redio kichwani. Kibibi alikiachia kidole, akapumua kwa nguvu, akaanza kulia kilio cha kawaida cha mtoto mwenye njaa. Shavu lake lilikuwa safi.

Mzoefu alisimama wima. Aliitazama mikono yake, mbele na nyuma, akaonekana kuchukizwa nayo. Kisha akatoka bila kumgusa mtu, akaenda bombani uani, akanawa. Alinawa viganja, akanawa migongo ya mikono, akazungusha kila dole gumba, akasugua kucha, na alipomaliza alifunga bomba kwa kiwiko. Akavua koti. Akaomba maji ya moto na beseni la peke yake.

Maabara ile leo ni mfano. Chini ya mashine kumesuguliwa kwa klorini, friji la sampuli lina sampuli tu, na mkuu wa maabara havuki kizingiti bila glavu wala hatoki bila kuzivua. Sindano hairudishiwi kifuniko. Anayeingia na kikombe anatolewa yeye na kikombe chake. Katibu wa hospitali, ambaye miaka yote hakuona kitu, sasa ameona: alimwita mbele ya wafanyakazi akamkabidhi cheti cha mtumishi bora, akasema huu ndio uzoefu tunaoutaka. Watu walipiga makofi. Bi Glavu hakupiga.

Alisubiri wabaki wawili, akamuuliza kwa sauti ndogo, akiwa karibu na mlango. "Wewe unajali nini kama watu wanaambukizwa au hawaambukizwi?"

Mkuu wa maabara alikuwa akifuta meza, kutoka pasafi kwenda pachafu, kama inavyotakiwa.

"Nyumba hii nimeipata kwa shida," alisema. "Hapa nje kunapita mengi, wewe unayaona kwenye kioo chako. Sitaki wapangaji wengine."

Bi Glavu alifuta ombi lake la uhamisho. Alisema kwa wenzake kwamba tangu aanze kazi hajawahi kupata bosi wa kufanya naye kazi kwa amani kama huyu, na hakufafanua zaidi.

Shangazi alijiandaa kama alivyoahidi. Alirudi na mkoba wake umejaa, akamkuta mwalimu jikoni.

"Sasa naweza," alisema. "Nitampeleka mbali, pasipo na mtu wala mnyama."

"Na baba yake Kibibi?" aliuliza mwalimu. "Yumo?"

"Yumo. Amesukumwa chini kabisa, lakini yumo. Akitoka huyu, atapanda."

Mwalimu alichungulia dirishani. Mumewe alikuwa ameketi uani kwenye kigoda, Kibibi mapajani, akimkata kucha moja moja kwa uangalifu, na mtoto akimsimulia jambo refu na yeye akimsikiliza mpaka mwisho. Katika ndoa yao yote yule mwenyewe hakuwahi kumsikiliza mtu mpaka mwisho.

"Mwache, Shangazi," alisema mwalimu.

"Mwanangu, unanielewa nilichokwambia?"

"Nimekuelewa. Mwache alipo."

Shangazi akabeba mkoba wake akaondoka. Hakukaa hata kula.

Siku hizi ni pale tu mumewe anapojilaza mchana wa Jumapili ndipo mwalimu husikia. Usingizi ukimzidia yule mwenye nyumba mpya, kinywa hufunguka kidogo, na kutoka mbali sana, kama mtu aliye kisimani, huja sauti nyembamba inayomwita kwa jina la mtoto wao. Inaomba. Inasema ni giza huku, inasema kuna mikono, inasema Mama Kibibi nifungulie.

Mwalimu huweka kando madaftari ya wanafunzi, akainuka asimwamshe mtoto, akaenda kitandani na kumfumba kinywa kwa vidole viwili, taratibu, mpaka sauti ikome. Kisha huenda kunawa.